Je, wajua kwa nini filamu ya kimondo inawaliza watu?

Kwenye mabanda ya video ya Moshi kuna sheria ambayo mtoto anaijua kabla hajajua kusoma: staringi hafi. Apigwe risasi, atumbukizwe mtoni, gari lilipuke naye ndani, atarudi tu. Armageddon, filamu ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Michael Bay, inaivunja sheria hiyo mchana kweupe, na ndipo unapoona wanaume wazima wanajifuta macho wakisingizia vumbi.

Kwa upande wa sayansi, filamu yenyewe ni kichekesho. Kimondo chenye ukubwa wa jimbo la Texas kinakuja kuigonga dunia, na zimebaki siku 18. Ceres, jabali kubwa kuliko yote kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, ina upana wa kilomita 940 hivi na wanaastronomia waliiona tangu 1801. Kitu kikubwa kuliko hicho kingejificha wapi? Na kukipasua kwa bomu moja lililofukiwa futi 800, ndoto.

Lakini hakuna anayeililia dunia. Ni kubwa mno. Kinacholiza ni mambo ya ukweni.

Harry Stamper, anayechezwa na Bruce Willis, ni mchimba mafuta. Mwanzoni anamfuma kijana wake wa kazi, A.J., akiwa na binti yake Grace, basi anamfukuza kwa bunduki juu ya mtambo wa baharini. Tunacheka. NASA, shirika la anga la Marekani, wanapowaomba wachimbaji hao wakakitoboe kimondo, nao wanatoa masharti, mojawapo wasilipe kodi tena maisha yao yote. Hapo mwenye duka lazima apige makofi. Vichekesho hivyo havijawekwa bure: vinakufanya uwazoee hawa watu, uwaone kama jamaa wa mtaani.

Kisha kifaa cha kulipulia bomu kwa mbali kinaharibika. Lazima mmoja abaki akabonyeze kwa mkono. Kura inamwangukia A.J. Harry anajifanya anamsindikiza, wakifika chini anamsukuma arudi ndani ya chombo, anabaki yeye. Anamwambia amtunze binti yake.

Itazame kwa jicho la Uchagani. Kwetu ni upande wa kijana unaobeba mbege, pombe ya ndizi, kwenda kwa wazee kuposa. Hapa mzee, yule yule wa bunduki, ndiye anayetoa, na anachotoa ni uhai wake. Kwangu mimi hiyo ni filamu ya posa iliyofunikwa na milipuko.

Bay, ambaye kwa kawaida picha zake hazikai hata ukameza mate, hapa anapunguza mwendo. Baba na binti wanaagana kupitia skrini. Grace anainyooshea mkono, picha inageuka chenga, naye bado anapapasa kioo.

Mwaka huo huo ilitoka Deep Impact ya Mimi Leder, ambamo kinachokuja kuigonga dunia ni kometi, nyota yenye mkia. Mwandishi wa habari anamwachia mwenzake nafasi kwenye helikopta, anakwenda ufukweni kwa baba yake waliyekuwa wamekosana, na wimbi linawafunika wote wawili. Tena mzazi na mwana. Sayansi yake ina unafuu, na kwa maoni yangu ndiyo filamu bora. Ila sidhani kama banda lingeomba irudiwe: ina watu wengi wanaogawana msiba, na hakuna hata mmoja ambaye tangu mwanzo ungeapa kwamba huyu hafi.