"Majeshi yameingia, mambo yamekwisha": hapana, ndugu zangu

Kila nikikaa na viongozi wa vijiji vya kandokando ya Ruvuma kuzungumzia sheria za vita, nasikia kauli ile ile: majeshi ya kigeni yaliingia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, mambo yamekwisha. Inaniumiza, kwa kuwa wanaoisema wana ndugu ng'ambo ya mto, na wanawahimiza warudi makwao.

Hayajakwisha. Wanajeshi wa Rwanda na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliingia Julai 2021, na Agosti mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa baada ya kukaa mwaka mzima mikononi mwa wapiganaji wanaoipinga serikali. Ulikuwa ushindi wa kweli, siubezi. Lakini waliofukuzwa mjini walijigawa vikundi vidogo wakaelekea kusini. Mwaka 2022 wakashambulia Ancuabe, hata mkoa wa Nampula, maeneo yaliyokuwa yakiwahifadhi waliokimbia vita. Mji ulipolindwa, hatari ilihamia kwa mkulima asiye na mlinzi. Kisha kikosi cha SADC kikaanza kufungasha, na Mei 2024 mji wa Macomia ukavamiwa. Basi anayeuliza "wanaingia lini?" aulize pia "wakiondoka, anabaki nani?" Na kabla ya kumwambia shangazi yako arudi, usitazame picha za askari simuni. Uliza kama zahanati imefunguliwa, kama walimu wamerudi, na kama watu wa pale wanalala majumbani au porini. Mimi hupenda sana swali hilo la mwisho. Jibu lake halidanganyi.

Wengine huniambia Tanzania iliingia Uganda ili kuwaokoa Waganda. Kumwondoa Amin kuliwaokoa wengi, ndiyo, ila hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kujilinda: Amin, mtawala wa Uganda, ndiye aliyevamia Kagera, ardhi ya Tanzania, mwaka 1978.

Wengine husema: "Bila kibali cha Umoja wa Mataifa ni uvamizi." Si lazima. Msumbiji yenyewe iliomba msaada, na ridhaa ya serikali inatosha kisheria. Tena kibali chenyewe kinaweza kunyooshwa kupita kusudi lake: azimio namba 1973 la mwaka 2011 liliruhusu kuwalinda raia wa Libya, mabomu yakaendelea mpaka Gaddafi akaanguka.

Na wale wanaonijibu kwamba basi bora kila mtu akae kwake, wasome ya Rwanda. Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua walinda amani wapunguzwe kutoka kama 2,500 hadi 270.