Pelacarsen: kwa nini miligramu 80 kwa mwezi na sio 20

Mimi ni mfamasia, na pelacarsen ni sindano iliyotengenezwa kushusha Lp(a), aina ya chembe za mafuta kwenye damu. Swali ninalokutana nalo sana kuhusu Lp(a) ni hili, kwani statini, zile dawa za kolestro, hazishushi? Hazishushi jamani. Mtu anameza atorvastatini yake kila usiku, LDL (kolestro mbaya) inashuka vizuri, daktari anafurahi, halafu akipima Lp(a) iko palepale na saa nyingine imepanda kidogo. Mazoezi hayaigusi, kuacha chipsi ni jambo zuri kwa mambo mengine lakini hapa haisaidii kitu, kwa sababu kiwango chako umerithi kwa wazazi kupitia jeni inayoitwa LPA, na ulichonacho ujanani ndo karibu utakachozeeka nacho. Kåre Berg wa Norway aliigundua 1963, ni LDL iliyobandikwa protini ya ziada inayoitwa apo(a), inaziba mishipa ya moyo na pia inakakamaza vali ya aota, mlango wa damu kutoka kwenye moyo. Kama mtu mmoja kati ya watano duniani yuko juu ya miligramu 50 kwa desilita, na sisi wenye asili ya Afrika kwa wastani tuko juu kuliko wazungu, kwa hiyo hii sio habari ya watu wa mbali.

Sasa hiyo apo(a) inatengenezwa kwenye ini. Jeni inatoa mRNA (hili neno corona ilitufundisha wote), mRNA inasomwa, protini inatoka. Dawa ya antisensi, na pelacarsen ni mojawapo, ni kipande kifupi cha herufi za kijenetiki kilichopangwa kinyume na mRNA hiyo, kikikutana nayo kinanasa, halafu kimeng'enya cha mwilini mwako mwenyewe, RNase H1, kinaikata hiyo mRNA. Hakuna mRNA, hakuna apo(a). Na kipande cha dawa hakikatwi, kinabaki kinaenda kunasa nyingine, ndo maana sindano moja inafanya kazi wiki kadhaa. DNA yako haiguswi kabisa, naulizwa sana hili.

Shida ya mwanzo ilikuwa kuifikisha dawa kwenye ini. Dawa za kizazi cha kwanza zilikuwa zinachomwa nyingi kwa sababu sehemu kubwa inapotelea kwingine. Mfano mipomersen, iliyoruhusiwa Marekani 2013 kwa wenye kolestro kali ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hiyo ilikuwa inalenga apoB, protini ya LDL yenyewe, miligramu 200 kila wiki, na watu walipata wekundu na maumivu pale ilipochomwa, homa kama ya mafua, na mafuta kujaa kwenye ini, Ulaya wakaikataa na baadaye ikatoka sokoni. Dawa ya kwanza ya kushusha Lp(a) nayo ilikuwa hivyohivyo, ilipandishwa 100 mpaka 300 kwa wiki. Kilichobadilisha mchezo ni kuifunga na sukari inayoitwa GalNAc ambayo seli za ini zina mlango wake maalumu, ni sawa na mzigo wa basi ulioandikwa jina na namba ya simu, unashuka kwa mwenyewe. Matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha miligramu 10, 20 na 40 tu, zikichomwa mara kadhaa ndani ya mwezi, zinashusha Lp(a) kwa asilimia 66, 80 na 92. Hiyo ndo pelacarsen.

Halafu ndo ikaja kazi ninayoipenda mimi, ya kutafuta dozi. Utafiti uliochapishwa 2020 ulichukua wagonjwa 286 wenye ugonjwa wa moyo tayari, wakagawanywa. Miligramu 20 kila wiki nne ilishusha asilimia 35, 40 ikashusha 56, 60 ikashusha 72, na 20 kila wiki (yaani 80 ndani ya wiki nne) ikashusha 80. Angalia vizuri hapo, kila miligramu 20 unazoongeza zinakupa faida ndogo kuliko zilizotangulia, unaanza na 35, unaongezewa 21, halafu 16, halafu 8, kwa hiyo kwenda mbali zaidi ya pale ni kumwaga dawa. Na kundi jingine lilichomwa 20 kila wiki mbili likapata 58, karibu sawasawa na wale wa 40 kwa mkupuo. Maana yake kinachohesabika zaidi ni jumla ya mwezi, sio umeigawaje, na ndo ikawa 80 mara moja kwa mwezi, chini ya ngozi, basi.

Mtu atasema si 20 ingetosha? Chukua mtu mwenye Lp(a) ya nanomoli 250 kwa lita. Ukimshusha asilimia 35 anabaki na 162 hivi, bado yuko juu ya 125 tunayoiona ya hatari, ukimshusha 80 anafika 50. Tafiti za jeni zilishaonyesha kwamba ushushaji wa kawaida-kawaida haumkingi mtu, lazima namba ianguke sana. (Na tafadhali ukishika karatasi ya maabara angalia kipimo kilichoandikwa, maabara nyingine zinatoa miligramu, nyingine nanomoli, miligramu 60 ni kama nanomoli 150 na hakuna namba moja ya kuzidisha inayofaa kila mtu.)

Mimi lakini sishangilii namba peke yake, niasini (vitamini B3) nayo ilikuwa inashusha Lp(a) kiasi na ilipowekwa kwenye majaribio makubwa, 2011 na 2014, haikupunguza mashambulizi ya moyo. Ndo maana jaribio la Lp(a)HORIZON likapangwa kuhesabu matukio yenyewe, watu 8,323 waliowahi kupata shambulio la moyo, kiharusi au mishipa ya miguu kuziba, wote Lp(a) miligramu 70 kwenda juu, nusu walipangiwa kuchomwa 80 kila mwezi na nusu sindano isiyo na dawa. Ambaye Lp(a) iko juu lakini hajawahi kupata magonjwa hayo hakuwemo humo, kwa hiyo akija kuniuliza kuhusu hii sindano namwambia hiyo 80 haikupimwa humo kwa watu kama yeye, tushike kwanza LDL, presha, sukari na sigara, na watoto wake nao wapimwe Lp(a) mara moja.