Ukali Si Bidii ya Imani: Tunayojidanganya Sisi Tunaopenda Misa ya Kilatini

Binti mmoja aliyekuwa amehudhuria mara mbili tu Misa ya Kilatini, yaani Misa ya utaratibu wa zamani, alituuliza mtandaoni swali dogo: misale, kitabu cha sala za Misa, ina Kilatini upande huu na lugha yake upande ule, afuateje asipotee? Akaweka na picha yake mlangoni pa kanisa, uso umejaa furaha. Aliyemjibu kwanza alimkaripia kwa kutovaa mtandio. Wa pili alimuuliza kama parokiani kwao bado wanapokea Komunyo mkononi. Kufika usiku watu wawili walikuwa wakitupiana maneno juu ya Papa, na swali lake lipo palepale. Hakuuliza tena. Nami nilikuwa nasoma, nikanyamaza.

Naipenda Misa hii kwa moyo wote. Ndiyo maana yananiuma mambo tunayoyaamini ambayo mapokeo tunayojivunia yenyewe yanayakataa.

“Nikisema la kweli, sijatenda dhambi.” Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Mtu anasambaza kosa la padri fulani, ukimgusa anajibu: “Ni uongo?” Sasa fungua Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2477, kwenye amri ya nane. Zimetajwa dhambi tatu. Masingizio ndiyo ya uongo. Hukumu ya haraka ni kuamini kosa la mwenzako bila msingi wa kutosha, hata kama hujafungua mdomo. Na masengenyo ni kufichua makosa ya mtu, makosa ya kweli kabisa, kwa watu wasioyajua, pasipo sababu halali. Sababu halali zipo: mtoto anayedhulumiwa lazima atetewe, na anayemdhulumu ashtakiwe. Lakini homilia dhaifu ya padri wa kijijini, iliyokatwa sekunde ishirini na kurushwa kwa maelfu ya watu ambao hawatakaa wamwone, inamlinda nani? Namba inayofuata, 2478, inamnukuu Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Mkristo mwema awe mwepesi zaidi wa kuyapokea maneno ya jirani yake kwa maana njema kuliko kuyahukumu. Asipoweza, amuulize mwenyewe alikusudia nini. Ni mara ngapi tumeuliza?

“Watakatifu waliwakemea Mapapa, sembuse sisi.” Ni kweli Paulo alimpinga Petro, lakini soma Wagalatia 2:11: alimpinga uso kwa uso. Mtakatifu Katarina wa Siena alimwandikia Papa Gregori XI mwenyewe, akamfuata hadi Avignon mwaka 1376 kumsihi arudi Roma, na Papa akaingia Roma Januari 1377. Barua zile zina maneno makali, na katika barua hizohizo anamwita baba mtamu, Kristo mtamu duniani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, anakubali kwamba aliye chini anaweza kumrekebisha mkubwa wake, ila kwa upole na heshima, kama mtu anavyomwonya baba yake. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 212, inampa mwamini haki ya kuwaeleza wachungaji maoni yake, wakati mwingine hata wajibu, huku akilinda heshima yao. Kwa hiyo kukosoa hakujakatazwa. Kudhihaki hakumo humo.

“Kufuatilia kila kashfa ni kukesha.” Mmonaki Evagrio, aliyeishi jangwani Misri katika karne ya 4, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri, yule anayeleta uchovu wa roho. Pepo huyo humfanya mmonaki achungulie dirishani mara kwa mara kuangalia jua limefika wapi. Humchukiza mahali alipo, kisha humnong’oneza kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Niliposoma maneno hayo nililiona dirisha la simu yangu. Kwa muda mrefu nilikuwa naamka na habari za maaskofu kabla ya sala ya asubuhi, nikijiita mlinzi, na Rozari yangu imebaki mfukoni.

“Zamani Kanisa lilikuwa na umoja, magomvi yameletwa na Mtaguso.” Mwaka 1914, miaka 48 kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, haujafunguliwa, Papa Benedikto XV alilazimika kuwaomba Wakatoliki waache majina ya kutofautisha kundi na kundi. Alitaka kila mmoja aridhike kusema: Mkristo ndilo jina langu, Mkatoliki ndilo jina la ukoo. Alikuwa anawaambia watu wa Misa ileile ya Kilatini.

“Misa mpya si Misa halali.” Misa hiyo, iliyokuja baada ya Mtaguso, ni halali. Papa Benedikto XVI, aliyeifungulia mlango mpana Misa ya zamani mwaka 2007, aliandika wakati huohuo kwamba mapadri wa jumuiya zinazofuata utaratibu wa zamani hawawezi kukataa kimsingi kuadhimisha kwa vitabu vipya.

“Wapenda Kilatini wote ni watu wa hasira.” Hii ni ya upande wa pili, nayo inaumiza bure. Mtaguso wenyewe uliagiza Kilatini kitunzwe katika liturujia. Masharti ya mwaka 2021 yaliyoibana Misa ya zamani yaliwaumiza watu wengi ambao hawajamtukana mtu, na wengi wao hutawakuta wakibishana popote. Wako kanisani, wamepiga magoti.

Kuhusu mtandio: sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliuagiza kwa wanawake, ya mwaka 1983 haikuutaja. Anayeuvaa kwa upendo auvae.

Na yule binti, kama bado yupo mahali anasoma, jibu lake ni hili. Misale ifunge kwa Jumapili chache za mwanzo. Kaa nyuma kidogo, simama wanaposimama, piga magoti wanapopiga. Kengele ikilia, inua macho utazame altare. Ukishazoea mwendo, fungua kitabu kwenye Injili ya siku hiyo tu, mengine yatakuja polepole. Na picha yako ilikuwa nzuri.