Mifereji ya udongo ya New Mexico: yasemwayo na yalivyo

Kaskazini mwa New Mexico, Marekani, mto Rio Grande unapita Alcalde na Española katikati ya vilima vikavu. Mvua ni haba, lakini kando ya mto mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji ya udongo yamestawi. Habari za mashamba hayo zimepotoshwa mno.

Dhana: Wahispania ndio walioleta kilimo.
Juan de Oñate, kiongozi wa Wahispania, na walowezi wake walipofika mwaka 1598, waliwakuta Watewa, mojawapo ya jamii za wenyeji ziitwazo Pueblo, wakilima mahindi, maharage na maboga. Wakulima wa jamii za Pueblo walikinga maji ya mvua kwa kuta za mawe, na mashamba mengine waliyatandazia kokoto ili unyevu usitoroke. Wahispania walileta ngano na mfereji wa jumuiya uitwao acequia, lakini wenyeji kwa mamia ndio waliotumikishwa kuuchimba ule wa kwanza.

Dhana: Mfereji wa udongo unavuja, kwa hiyo usakafiwe kwa saruji.
Hili ndilo lenye madhara zaidi, maana lina sura ya utaalamu. Theluji ya milimani huyeyuka kwa wingi katika miezi michache tu. Maji yakipita kwenye mfereji wa udongo, mengine hupenya ardhini, hujaza visima na kunywesha mierebi ya kingoni, kisha hurudi mtoni polepole, wakati ambapo mto wenyewe umeanza kupungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico walipima jambo hili huko Alcalde: maji mengi yanayochepushwa hurejea mtoni, na mimea hutumia sehemu ndogo tu. Ukisakafia, maji yatafika shambani upesi, ila visima vya bondeni vitakosa cha kuvijaza.

Dhana: Mwenye shamba karibu na banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, huchukua atakavyo.
Zamu hupangwa na mayordomo, msimamizi anayetokana na wenye mfereji wenyewe. Kila mwenye haki ya maji hushiriki usafi wa mfereji kabla ya msimu, au hulipa mtu amfanyie. Ukame ukiingia, desturi ni kugawana upungufu.

Dhana: Hayo ni mabaki ya kihistoria.
Mamia ya acequia zingali kazini, na sheria ya jimbo inazitambua kuwa vyombo vya umma. Tangu 2003, acequia iliyoweka katika kanuni zake kifungu cha kuiruhusu inaweza kukataa haki ya maji kuhamishiwa nje ya mfereji, hata kama mnunuzi ana fedha mkononi.