Maji ya moto hayayeyushi mafuta ya mishipani

Juni na Julai, ukiomba mafuta ya kupikia dukani Mbeya, muuzaji anatoa dumu yaliyomo yameganda, analiweka juani kwanza ndipo akupimie. Pengine ndiko ilikotoka ile imani kwamba baridi yetu hugandisha mafuta mishipani, na dawa yake ni maji ya moto yenye limao kila alfajiri.

Joto la damu ya mtu wa Uyole kwenye baridi na la mtu wa Kyela kwenye joto ni lilelile, nyuzijoto 37 hivi. Maji ya moto yakifika tumboni hupoa humohumo. Isitoshe, kolesteroli mbaya, yaani LDL, ambayo ndiyo hayo mafuta ya mishipani, hailali juu ya mshipa ikisubiri kuyeyushwa. Ikizidi hupenya ndani ya ukuta wa mshipa, seli za kinga huifuata, na taratibu panajengeka uvimbe. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na moyo unakosa hewa. Jambo hili halisubiri uzee: mwaka 1953 madaktari wa Marekani walieleza walichokiona kwenye mioyo ya askari 300 waliokufa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya robo tatu mishipa ilishaanza kuharibika.

"Chupa imeandikwa haina kolesteroli." Mafuta yote ya mimea hayana. Ila karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, na hayo hulifanya ini lishindwe kuiondoa LDL vizuri kwenye damu. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi.

"Parachichi lina mafuta, liache." Hili linaniudhi, hasa likisemwa Rungwe au Njombe, tena na mtu aliyeshika kipande cha kitimoto. Parachichi halina kolesteroli hata chembe, na mafuta yake mengi ni ya aina isiyoudhuru moyo.

"Mimi mwembamba, nalima, sina shida hiyo." Jembe linasaidia moyo, sibishi. Lakini kuna koo ambazo wanaume hawafiki hamsini: baba alianguka shambani, baba mdogo akafia usingizini, na msibani watu wakanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Kabla ya kumtafuta mchawi, ulizeni kila mmoja alikufa na miaka mingapi. Kwa makadirio ya dunia, mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 amerithi hitilafu inayolifanya ini lisiinase LDL inavyotakiwa. Anazaliwa nayo, awe mnene au mwembamba, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike pia. LDL ya mtu mzima ikifika 4.9 mmol/L (kipimo kinachoandikwa kwenye majibu ya maabara), daktari huanza kuiwaza. Wengine huota vinundu kwenye kano nene ya nyuma ya kisigino. Baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, ni sababu tosha ya kwenda kupima sasa.

"Ningekuwa nayo ningejisikia." Kolesteroli ikizidi haiumi. Kwa mwanaume, dalili ya mapema huweza kuwa kupungua nguvu za kiume, maana mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo. Wengi hukimbilia mizizi ya stendi, presha na kolesteroli hawapimi. Na kifua kikibana, jasho likakutoka, maumivu yakapanda mkononi au kwenye taya, usiseme ni gesi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Maabara usiridhike na namba moja ya jumla. Omba waonyeshe LDL na HDL, ile kolesteroli nzuri, kila moja peke yake.

"Vidonge ukivianza huviachi, ni uteja." Statini, ndivyo vidonge vyenyewe, hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, na ini huongeza kuinasa LDL iliyo kwenye damu. Ukiacha, ndani ya wiki chache namba zinarudi zilikokuwa, kama za presha zinavyorudi kwa aliyeacha dawa zake. Ndiyo maana daktari hukuambia uendelee hata majibu yakiwa mazuri.