Mtambo umechacha, haujaoza

Juzi tena, kwenye mafunzo ya bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na taka, mkufunzi alisema asidi hutokea taka "zinapooza vibaya" ndani ya mtambo. Washiriki wakaandika. Nimelisikia hilo mara nyingi, safari hii siwezi kunyamaza.

Kinachotokea ndani ya mtambo ni hiki. Taka mbichi zikifungiwa pasipo hewa, vijidudu huzivunja kwa hatua: wanga, protini na mafuta hukatwakatwa, vipande vikageuka asidi, asidi ndefu zikafupishwa kuwa asetiki, kisha kundi jingine la vijidudu likaila na kutoa methani, gesi yenyewe inayowaka. Kuzalisha asidi ni kuikatiza safari hiyo kabla ya methani.

Sasa neno. Kuchacha tunakujua jikoni: tui limechacha, wali uliolala umechacha. Kitu kimekuwa kikali, na ukali huo ndio asidi. Bahari nayo huchacha. Chachu ni ya ukoo huohuo. Kuoza ni neno pana mno. Linabeba mzoga, jino na ubao wa mlango, wala halisemi kilichopatikana ni nini.

Hata majina ya asidi yametoka kwenye ladha na harufu. Asetiki ni Kilatini cha siki. Butiriki inatokana na neno la Kigiriki la siagi, maana mwanakemia Mfaransa Chevreul aliipata humo. Kaproiki ni mbuzi, kwa Kilatini. Fungua pipa la mabaki ya chakula lililofungwa siku kadhaa: siki inakupiga kwanza, halafu siagi iliyokaa, na nyuma yake beberu.

Ila siki ya tembo la mnazi msiichanganye humu. Asidi ni ileile ya asetiki, lakini bakteria wanaoitengeneza kwenye tembo wanataka hewa. Wa kwenye pipa hawaitaki.

Wala kuchachua vitu makusudi ili kupata asidi si jambo geni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Hercules Powder ilijaza matangi mwani wa baharini huko Chula Vista, California, ukaachwa uchachuke. Asidi ilikamatwa kwa chokaa, na chumvi yake ikatoa asetoni ya kutengenezea baruti ya kordaiti. Walichokitaka kwenye matangi yale kilikuwa asidi.

Vijidudu vya methani hukua polepole na hupenda pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya karibu 7; ikishuka, ukali umezidi. Vya asidi huvumilia hata 5.5. Ndiyo maana pipa la asidi hulishwa sana na kumwagwa baada ya siku chache, wakati la gesi hupewa wiki kadhaa.

Kwa mama anayesubiri moto jikoni, asidi kuzidi ni hasara kweli, na jambo la kwanza ni kuacha kulisha mtambo kwa muda. Lakini ndugu mkufunzi, ukisimama tena mbele ya watu, waambie mtambo umechacha. Neno tunalo.