Makumbusho ya Kiyahudi Hayahusu Maangamizi Pekee

Wengi huamini kwamba anayezuru makumbusho ya Kiyahudi barani Ulaya ataoneshwa, tangu anapoingia hadi anapotoka, habari za Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyotendwa na Wanazi wa Ujerumani. Dhana hiyo haiafikiani na Makumbusho ya Sanaa na Historia ya Uyahudi ya Paris, yaliyofunguliwa mwaka 1998 ndani ya jumba la karne ya 17 liitwalo Hôtel de Saint-Aignan, katika mtaa wa Marais.

Humo mgeni hukuta mawe ya makaburi ya Wayahudi walioishi Paris katika Zama za Kati, kabati la mbao lililochongwa Modena, Italia, mwaka 1472 ili kuhifadhia hati za Torati sinagogini, na kazi za wachoraji kama Chagall na Soutine. Zimo pia nyaraka za Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyetiwa hatiani mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuutenda. Naona mpangilio huu ni wa haki, kwa kuwa watu walioishi, kufanya biashara, kuoana na kuomba nchini humo kwa karne nyingi hawapaswi kujulikana kwa vifo vyao tu.

Maangamizi yenyewe hayakunyamaziwa: katika ua mdogo, msanii Christian Boltanski aliweka ukutani majina ya wakazi wa jumba hilo wa mwaka 1939, wakiwamo Wayahudi waliokamatwa baadaye na kuuawa. Anayetaka kuichunguza historia hiyo kwa kina ataipata katika Mémorial de la Shoah, taasisi nyingine iliyomo Marais humo humo.